Galaksi Zisizo na Kijiji

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Mie ndiye niliyewaambia wanafunzi wangu kwamba galaksi nazo zinakaa kwa nyumba kumi kumi.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Temeke, na kama walimu wengi wa miaka ile nilipangiwa kazi ya ziada ambayo hakuna aliyeniuliza kama naitaka. Mara mbili kwa wiki, zamu ya asubuhi ikitoka, nilifundisha elimu ya watu wazima kwenye bwalo la kiwanda cha mablanketi, Chang'ombe. Bwalo lilinuka maharage na mafuta ya mashine. Wanafunzi wangu walikuwa wafanyakazi ishirini na kitu, wengi wao akina mama. Walikuwa wameshafaulu mtihani wa kusoma na kuandika, na sasa walikuwa wamechoshwa na kitabu cha ufugaji bora wa kuku. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kuku. Pumba zilikuwa hazipatikani, na kuku wenyewe walishaliwa.

Siku moja mama mmoja wa mashine ya kusokota nyuzi, ambaye alikaa mbele kila siku na kuandika kila nilichosema, nadhani hata nilipokohoa, aliniuliza, "Mwalimu, hivi kule juu nyota zimeishia wapi?"

Kwa bahati mbaya nilikuwa na jibu. Padri aliyenifundisha fizikia huko kwetu Kusini alikuwa akinitumia magazeti ya sayansi yakishachakaa, na katika mojawapo palikuwa na ramani mpya. Wataalamu walikuwa wamepima umbali wa galaksi nyingi, moja baada ya nyingine, wakaziweka kwenye karatasi, wakakuta hazikutapakaa ovyo kama mchele uliomwagika. Zimekaa kwa makundi. Makundi yenyewe yameungana kama kamba ndefu na kuta, na katikati ya kuta hizo kuna uwazi mkubwa ajabu ambamo karibu hamna kitu.

Nikaanza chini kabisa. Jua letu ni nyota moja. Mabilioni ya nyota zikishikamana, hiyo ni galaksi. "Galaksi ni kaya," nikasema, huku nikijisikia vizuri. "Kaya chache zikikaa jirani na kuvutana kwa uzito wao, hilo ni kundi, tuseme nyumba kumi chini ya balozi mmoja. Kuna makundi makubwa zaidi, yaani malundo, yana galaksi mamia, hata elfu na ushei. Hivyo ndivyo vijiji. Vijiji vikiungana, basi tuseme wilaya." Darasa zima likaandika. Nilitembea kurudi nyumbani Mbagala nikijiona mwalimu hodari kuliko wote wa wilaya, ya hapa na ya huko juu.

Katibu wa tawi la Chama pale kiwandani aliyasikia hayo siku iliyofuata. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kalamu.

"Mwalimu, nimeambiwa umethibitisha kwamba ulimwengu mzima unaishi kijamaa."

"Sikusema hivyo, Ndugu Katibu. Nimesema galaksi zimekaa kwa makundi."

"Ndiyo hivyo hivyo. Nani alizihamisha?"

"Hakuna. Zinavutana zenyewe."

"Zenyewe!" Akakaa kwenye benchi. "Kwa hiari?"

Nilimwelewa. Kwetu, watu walipohamishiwa vijijini, lori lilikuja asubuhi na nyumba zikabomolewa mchana ili pasiwepo wa kuzikumbuka. Bibi yangu alipandishwa na godoro lake, kinu kikabaki. Katibu naye aliwahi kusimamia mambo hayo kabla hajaletwa mjini, na sidhani kama aliyafurahia. Kusikia kwamba mahali fulani kuna wanaokusanyika bila lori kulimgusa moyo kabisa.

Baada ya wiki tatu mgeni kutoka mkoani angekuja kukagua madarasa ya watu wazima. Katibu akaamua ukuta mzima wa bwalo uchorwe ramani ya galaksi. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, lakini rangi ya kumpokelea mgeni ilipatikana siku hiyo hiyo, buluu debe zima na nyeupe nusu debe.

Nikapanda juu ya meza, nikachora. Siku ya nne Katibu akaja kukagua, mikono nyuma.

"Hapa mbona pako wazi?"

"Hamna kitu hapo, Ndugu Katibu. Ni uwazi. Mwanga unaweza kukata miaka milioni mia na zaidi kuuvuka."

"Eneo kubwa kiasi hiki, na hamna hata shamba la mihogo?"

"Hamna."

"Mgeni atauliza. Tia kitu."

Nikamweleza kwamba siwezi kutia kitu ambacho hakipo. Tukabishana mpaka chai ya saa kumi, tukakubaliana niandike kwa herufi nzuri: ENEO LA UPANUZI. Halikuwa jambo la uongo sana, maana ulimwengu kweli unapanuka, na hilo nikamwambia ili kumtuliza. Nikamweleza kwamba makundi ya galaksi yanazidi kuachana, na ukitazama kutoka kwetu utaona karibu yote yanatukimbia.

"Yanatukimbia sie? Kwa kosa gani?"

"Si sie tu. Kila mmoja akitazama kutoka kwake ataona anakimbiwa."

Akafikiri. "Hilo usiliandike," akasema. "Na sie wenyewe tuko wapi?"

Nikamwonyesha nukta tatu ndogo karibu na dirisha la jikoni. Galaksi yetu na jirani yake mkubwa na mwingine mdogo, pamoja na vijigalaksi ambavyo sikuwa na brashi nyembamba ya kuvichora, ni kundi dogo lililo pembezoni mwa lundo kubwa la upande wa nyota za Mashuke.

"Pembezoni?"

"Ndiyo. Kama mie ninavyokaa Mbagala."

"Mwalimu, nchi yetu haiwezi kukaa pembezoni mbele ya mgeni wa mkoa. Isogeze katikati."

"Siwezi kusogeza galaksi, Ndugu Katibu."

"Una brashi mkononi. Nani anakuzuia?"

Nikaisogeza. Nilijifariji kwamba hata wale wataalamu walipochora ramani yao walianzia hapa walipo, maana pa kuanzia pengine hawakuwa napo. Alipoona nimetii, akapata moyo. Akasimama mbele ya lundo kubwa na kuuliza ni nani huyu katikati, mkubwa kuliko wote. Nikamwambia ndiyo desturi ya malundo mengi, katikati hukaa galaksi moja iliyonenepa kwa kumeza jirani zake. Akina mama waliokuwa wakiosha sufuria jikoni walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Katibu akafunga kifungo cha suti yake.

"Ipunguze," akasema.

Nikaipunguza pia. Kisha akaona nukta nne zilizokaa ndani ya lile eneo la upanuzi, kila moja peke yake.

"Na hizi?"

"Ziko galaksi chache zinazokaa humo kwenye uwazi, mbali na nyingine."

"Wazururaji," akasema Katibu.

Lazima nieleze hapo. Miezi hiyohiyo mgambo walikuwa wakipita mitaani kukamata watu wasio na kazi rasmi. Ukikutwa huna kitambulisho cha kazi, wewe ni mzururaji, unapandishwa lori, unapelekwa shambani ukazalishe. Katibu alikuwa kwenye kamati ya wilaya ya kushughulikia jambo hilo. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hawezi kuruhusu wazururaji kwenye ukuta wa kiwanda cha umma.

Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikazifuta. Kila moja ina nyota mabilioni, na zote nne zilinichukua dakika tano. Ningependa kusema nilikataa. Nilichofanya ni kuomba kitambaa kingine, maana cha kwanza kilikuwa kinaacha alama.

Kipindi kilichofuata yule mama wa mashine ya kusokota hakuja. Alikuja kile cha baada yake, akakaa mbele kama kawaida, lakini daftari hakulifungua. Nikamwuliza ana nini.

Mumewe alikuwa fundi viatu, anakaa na kigoda chake karibu na kituo cha basi cha Temeke. Mgambo walikuwa wamemchukua.

"Si alikuwa kazini?" nikauliza.

"Wamesema hana mwajiri, hana barua, kwa hiyo amekaa tu. Mwalimu, alikuwa anashona! Wamempakia na sindano mkononi. Mwenye kiatu kabaki na kiatu mguu mmoja, analia, na yeye wakataka kumbeba kwa sababu hajavaa viatu."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana yeye hakucheka. Alisema amesikia yuko shamba moja la mkonge huko njia ya Morogoro. Kisha akatazama ukuta.

"Zile za peke yake ziko wapi?"

"Zimefutwa."

"Zimepelekwa wapi?"

Nikamwambia tufungue ukurasa wa kuku.

Siku ya mgeni ikafika. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi sikioni, na baadaye nilijua aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu. Katibu alisoma hotuba ndefu iliyoeleza kwamba mbingu zimekubali mwongozo wa Chama. Mgeni akasikiliza kwa ustaarabu wa mtu aliyekwisha kusikiliza hotuba nyingi wiki hiyo, kisha akaomba mwanafunzi mmoja amweleze ramani.

Yule mama akasimama kabla sijamteua mtu.

"Shikamoo, Ndugu Mgeni."

"Marahaba, mama."

Akaeleza. Alieleza vizuri kuliko mie: nyota, galaksi, makundi, malundo, kuta, uwazi, na jinsi uzito unavyovuta vitu vikakaribiana kwa miaka isiyohesabika. Katibu akawa anatikisa kichwa kwa furaha, kalamu zinang'aa. Kisha mama akasema, "Lakini ukuta huu una uongo mmoja."

Kijiko kikaanguka jikoni.

"Ziko galaksi zinazokaa peke yake. Zilikuwepo hapa. Zikafutwa kwa kuwa hazina kijiji. Lakini zinawaka, Ndugu Mgeni, kama nyingine. Na mume wangu naye alikuwa anashona viatu peke yake, hamwombi mtu kitu, mkamchukua."

Mgeni akavua miwani. "Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Nani aliamuru zifutwe?"

Nikamtazama Katibu. Katibu alikuwa anatazama sufuria ya maharage kwa umakini ambao sijawahi kuuona hata kwa mtu mwenye njaa. Ningeweza kumtaja. Nikaona kwamba nikimtaja yeye leo, kesho kutwa kitambaa na mafuta ya taa vitaulizwa vilikuwa mkononi mwa nani.

"Rangi nyeupe haikutosha," nikasema.

Mgeni akarudisha miwani, taratibu, sikio moja kisha jingine. Nadhani alielewa yote. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali na hakuja pale kuibadilisha serikali. Akamgeukia Katibu.

"Ramani hii inalindwa na nani?"

"Inalindwa... na tawi, Ndugu."

"Tawi lina kazi nyingi. Kitu kama hiki hakiwezi kukaa bila mlinzi. Tafuteni mtu, apewe barua na kitambulisho. Ikiwezekana awe mtu ambaye kwa sasa yuko shambani na anajua kushona."

Katibu alichomoa kalamu zote nne.

Fundi alirudi baada ya siku tisa, kwa lori la mkonge, mikono imechanika. Barua ilikuwa tayari imepigwa chapa na kugongwa muhuri: ameajiriwa na tawi kama Mlinzi wa Ramani ya Ulimwengu, kazi ya kujitolea, bila mshahara. Aliisoma mara mbili, akamwuliza mkewe kama ni mzaha. Mkewe akamwambia aikunje vizuri.

Mie nilizirudisha zile galaksi nne kwenye ukuta. Rangi ilitosha na kubaki. Katibu alipita nikiwa juu ya meza, akasimama, nikangoja aseme neno. Akaniuliza kama nimepata sukari wiki ile, maana kwenye duka la ushirika la mtaani kwake ilikuwa imeletwa, na angeweza kuniwekea nafasi kwenye foleni. Nikamwambia nashukuru. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo kuhusu jambo lile, na sukari alinipatia kweli.

Wiki chache baadaye mgambo walimsimamisha fundi palepale kituoni. Nilikuwepo, kiatu changu kikiwa mikononi mwake.

"Kitambulisho."

Akatoa barua. Mgambo kijana akasoma, midomo ikicheza, akamwita mwenzake. Wote wawili wakasoma. Wakarudi nyuma hatua moja.

"Ulimwengu wote, mzee?"

"Wote."

"Sasa mbona uko hapa unashona viatu?"

"Niko mapumziko," akasema fundi, akaendelea kuvuta uzi.

Yule kijana alimrudishia barua kwa mikono miwili. Kisha akainama, akamwonyesha buti lake lililoachia soli, akauliza kama linaweza kutengenezeka hapo hapo. Fundi akamwambia apange foleni nyuma ya mwalimu.

Msako ule ukaja ukapoa wenyewe, bila mtu kutangaza kwamba umekwisha. Darasa langu likapewa kitabu kipya, cha ufugaji wa nyuki, na mwaka uliofuata nikahamishiwa shule nyingine. Kiwanda kilipopata rangi ya maziwa kikapaka bwalo lote upya, dari mpaka chini. Nilimkuta fundi mjini siku moja, anashona palepale, barua ingali kwenye mfuko wa shati, imelainika kama kitambaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kazi yake imekwisha.