Kichwa cha Udongo Ndani ya Stoo

Mtaani walimwita Mama Amri, kwa sababu amri ya kwanza haikumbanduka mdomoni: Mungu ni mmoja, na kilichochongwa na binadamu hakisujudiwi. Alikuwa fundi cherehani, mjane. Utotoni alimwona baba yake akiwanyima watoto kuku ili akilishe kinyago, na tangu hapo jicho lake halikulala. Mteja akileta shati lenye hirizi iliyoshonewa kolani, alirudishiwa shati lake vilevile.

Sasa mashaka yake yalimwangukia mkazamwana wake. Kila asubuhi mumewe, mwana wa Mama Amri, akishatoka kwenda kazini, yule binti alijifungia stoo, na humo akasikika akinong'ona. Mama Amri akawa anashona mguu kwenye pedeli, sikio mlangoni. Panapofuka moshi hapakosi moto.

Siku binti alipokwenda sokoni, akaingia. Nyuma ya magunia ya mkaa palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa kibichi. Akakifunua kwa ncha ya mkasi, asije akakigusa. Kichwa cha mwanamke, cha udongo, macho wazi.

Binti aliporudi alimkuta mlangoni.

"Mwanangu, mle ndani unamwabudu nani?"

"Siabudu, mama. Ni marehemu mama yangu. Hakuacha picha hata moja, na sura yake imeanza kunitoka. Naifinyanga kabla haijapotea."

"Na kunong'ona je?"

"Namsimulia habari za nyumbani."

"Humwombi?"

"Namwomba Mungu. Mama yangu namsimulia tu."

Mama Amri hakuridhika. Aliendelea kuchungulia, akitafuta chakula au ubani mbele ya kile kichwa. Siku moja akakuta kikombe cha chai, akashika kiuno. Kumbe binti alikisahau. Akaja akakinywa kimepoa.

Ndipo asubuhi moja Mama Amri akaingia kuchota mkaa, mawazo yote kwenye sare za shule alizoahidi kumaliza. Ule uso ulikuwa ukimtazama, na ulimi wa Mama Amri ukateleza.

"Umeamkaje, mkwe mwenzangu?"

Beseni likamponyoka. Akatoka, akapiga magoti kando ya cherehani, akasali mpaka miguu ikafa ganzi. Jioni akamwita binti.

"Kile kichwa sikivunji, ni mama yako. Ila kigeuze, kitazame ukutani."

"Kimekukosea nini, mama?"

"Hakijanikosea," alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Najishuku mimi."