Mvua Niliyoiombea Kifua cha Mke Wangu

Sifa zote ni zako, Mungu uliyempulizia mtu pumzi puani, ukaniachia yangu hadi uzee huu. Nakushukuru kabla sijasimulia, maana katika haya yapo mengi ambayo bado sijayaelewa.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya Voi, kando ya barabara ya udongo wanapopita madereva wa malori ya mawe kutoka upande wa Kishushe. Kiangazi kile vumbi jekundu liliingia kila mahali: kwenye mashuka, kwenye sukari, katikati ya kurasa za Biblia. Mke wangu akaanza kukohoa. Niliogopa hasa Jumapili moja alipoketi kanisani wimbo ukiwa katikati, ameshika kifua. Tangu tuoane, yeye ndiye huwaanzishia akina mama nyimbo.

Nikatangaza vita na vumbi. Niliziba nyufa za madirisha kwa magunia, nikasokomeza leso kuukuu chini ya mlango, nikaagiza nyumba ifungwe kutwa. Mke wangu aliniuliza kama ninamhifadhi yeye au mahindi. Nilimwambia avumilie. Kisha nikafunga siku tatu nikiomba mvua.

Mvua ikaja. Barabara ikalowa, malori yakapita bila kuinua hata chembe. Nilikuwa nimesimama barazani nikishukuru, nikamsikia nyuma yangu, ndani ya nyumba, akikohoa kuliko siku zote.

Nilichanganyikiwa. Vumbi limekwisha, kifua kimezidi. Nilijiuliza kama niliomba vibaya.

Nilimpeleka zahanati, na muuguzi aliyelingana kwa umri na wajukuu wetu alimpima, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha akaanza kuuliza habari za meko. Nilimweleza kwamba tunapikia kuni ndani ya nyumba kama tulivyozoea milimani tulikokulia, na kwamba nimefunga kila tundu.

"Baba," akasema, "vumbi unaloliona mezani, pua huzuia sehemu kubwa. Linaloshuka hadi ndani kabisa ya mapafu halionekani kwa macho. Lipo barabarani, na limejaa kwenye moshi wa kuni. Umelifungia ndani pamoja na mama."

"Moshi si vumbi," nikajibu.

"Ni vumbi laini kuliko unga wa ngano. Huumiza mapafu, na moyo pia."

Mke wangu alingoja kikohozi kipungue. "Nilikuambia mimi si mahindi."

Kwetu milimani, ukungu huja hadi mlangoni, kwa hiyo moto ulikaa ndani na mlango ukafungwa. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Hakuna aliyeuogopa moshi. Mama yangu alikohoa miaka mingi, nasi sote tukasema ni baridi. Sasa sijui. Hayupo wa kuulizwa, na jambo hilo hunijia hata ninapopiga magoti kuomba.

Siku ileile niling'oa magunia, nikahamishia meko kwenye kibanda uani ambako upepo unapita. Vumbi la barabara pia muuguzi hakulipuuza. Malori yakija tunafunga, yakishapita tunafungua. Nikifagia, nanyunyiza maji kwanza. Siku ya upepo tunavaa barakoa zinazobana vizuri puani na mashavuni, kwa kuwa leso haizuii vumbi laini. Na mke wangu akianza kuhema, alituagiza tusingoje Jumapili ipite, twende zahanati.

Jambo hili bado hunichanganya. Mara nyingi nasimama dirishani, mkono kwenye komeo, nisijue nifunge au nifungue, kwa sababu adui ninayemwona si yule niliyeonywa. Mke wangu huniona kutoka uani akacheka, na kicheko hicho sasa hakiishii kwenye kikohozi kila mara.

Jumapili iliyopita alianzisha wimbo. Katikati ya ubeti alinyamaza kuvuta pumzi. Akina mama wakamngoja, hakuna aliyempokonya wimbo, naye akaendelea hadi mwisho. Sijui kama kifua chake kitarudi kuwa kama zamani. Muuguzi hakutuahidi. Mimi nashukuru kwa ubeti ule.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie hewa safi nyumbani mwako, awatunzie pumzi wale unaowapenda, na akuonyeshe mapema dirisha ulilolifunga kwa nia njema. Amina.