Kura ya Mdomo

Wiki ile baba yangu hakutulia. Alikuwa amekuja kutoka Kenya kututembelea huku ughaibuni, Toongabbie, kwa miezi michache, na habari zilipofika kwamba mdogo wake amelazwa na atapasuliwa moyo, akaanza kutembea: jikoni, veranda, jikoni tena. Nilimwambia ampigie simu. Akasema atapiga. Hakupiga. Nilijua hawa wawili hawasemezani tangu nikiwa mtoto, ila sababu sikuwahi kuelezwa. Nilikuwa nikiuliza, natumwa kuchota maji.

Mimi nami nilikuwa na moto wangu. Kati ya shifti za kuwahudumia wazee nilikuwa nasoma historia chuoni, na Alhamisi nilitakiwa nisimame mbele ya darasa nieleze uchaguzi wa gavana katika jimbo moja la Amerika, miaka mia mbili iliyopita. Nani alinituma? Si ningesoma uhasibu kama wenzangu! Mume wangu alikuwa kazini, na watoto ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, basi nikamkalisha mzee sebuleni nifanyie mazoezi kwake.

Nikamweleza kwamba hapakuwa na kura ya siri. Mwanamume, tena mzungu tu, nikaongeza, naye akaguna, alisimama mbele ya karani akataja kwa sauti gavana anayemtaka. Wote wanasikia: tajiri wake, jirani, ndugu. Hawa wanamshangilia, wale wanamzomea. Nikacheka. Nikasema watu hao walikuwa na mambo, jamani, heri hata sisi na mlolongo wetu.

Mlolongo ndio uliokuwa uchaguzi wetu Kenya wakati fulani: unapanga foleni uwanjani nyuma ya mgombea wako, mnahesabiwa peupe. Babamdogo, huyo huyo aliyelazwa, aligombea udiwani enzi hizo, akaanguka vibaya. Hilo nililijua. Baba hakucheka.

"Nilikuwa nyuma yake," akasema. "Wa kwanza kabisa, nimemshika bega. Chifu akaja akaniuliza kama bado naipenda kazi yangu ya ualimu. Nikavuka, nikaingia foleni ya mpinzani wake."

Nilishikwa na hasira, sijui hata kwa nani. Kwa chifu. Kwa baba. Kwa Krismasi zote ambazo binamu zangu walipita langoni kwetu bila kuingia. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka karo yangu ilitoka kwenye mshahara huo huo wa mwalimu, nikafunga mdomo. Nikaichukua simu, nikampigia binamu yangu aliyekuwa hospitalini, nikamwomba aiweke karibu na baba yake. Kwetu ilikuwa jioni, kule bado asubuhi, babamdogo hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Nikaiweka simu mezani kwa spika, baba akaitazama kama inayouma. Hakusalimia. Alisema tu kwamba siku ile uwanjani alivuka, kwamba anajua alionekana, na kwamba hajapata usingizi mzuri tangu asikie amelazwa. Kisha akamwomba msamaha. Sikuwahi kumsikia baba akimwomba mtu yeyote msamaha, na niliona aibu kuwa hapo.



"Kaka," babamdogo akasema, sauti imechoka, "kama mgombea asingekuwa mimi, hata mimi ningevuka."