Kilio cha Nyar Asumbi Nyuma ya Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha afya upande wa Magunga, Sista msimamizi alinipa ndoo, fagio na aproni iliyonifika miguuni. "Benta," akaniambia, "hii ni wodi ya akina mama. Mtu akipiga kelele ya kilio hapa, wote watafikiri kifo kimeingia." Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini hiyo niliishika. Miaka ile ya tisini, sisi wahudumu wa wodi tulifua mashuka, tukachemsha vyombo, na tukawalisha kwa kikombe watoto walioshindwa kunyonya.

Ndivyo nilivyomjua mtoto wa Akoth. Akoth tulimwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, maana ndiko kwao. Alijifungua msichana, presha ikampanda, Sista akamkataza kusafiri. Akiwa hapo kitandani, habari ikaja kwamba mama yake amefariki. Akazikwa bila yeye.

Hakulia. Mama mkwe wake, Dorsila, alimkalia kama askari. "Nyar Asumbi, meza hayo machozi. Mwenye kunyonyesha akilia, maziwa yanaharibika." Sisi wahudumu tukaitikia, maana ndivyo tulivyolelewa. Akameza. Matiti yakajaa, yakawa magumu kama jiwe, lakini maziwa hayakushuka. Mtoto anavuta, anapata tone, anaachilia. Yale ya ng'ombe niliyompa kwa kikombe aliyatapika yote. Miguu yake ikawa myembamba, nikaogopa kumwogesha.

Sista alimpima Akoth presha, akaona imetulia. Akaketi kando yake. "Mama yako aliitwa nani?"

Akoth akafungua mdomo, jina likakataa kutoka. Sista akanigeukia. "Benta, kwenu mtu akikosa mazishi, anafanya nini?"

"Akifika nyumbani anaingia akipiga nduru, Sista. Analia mpaka kaburini."

"Basi mpeleke nyuma ya jikoni. Afikie huko kana kwamba ni nyumbani."

"Na maziwa je?" Dorsila akaruka.

"Maziwa gani, mama? Wewe umeyaona wapi?"

Nikamshika Akoth mkono. Tulipopita kamba za mashuka akasimama, kisha nduru ikamtoka. "Mama! Wilfrida mama yangu, umeniacha na nani!" Nikaweka mikono kichwani, nikalia naye. Wapishi wakatoka na miiko yao. Watu waliokuja kuona wagonjwa wakakimbia kuuliza nani amekufa, na walipoambiwa ni mama wa Akoth, wakalia vilevile, ingawa hawakumjua. Daktari msaidizi akaja mbio.

"Maiti iko wapi?"

"Iko Asumbi, daktari," mpishi akamjibu, akaendelea kulia.

Na aliyelia kutushinda sote alikuwa Dorsila.

Akoth alilala mchana kutwa. Alipoamka, gauni lilikuwa limelowa kifuani. Mtoto akavuta, nami nikasikia anameza. Wakamwita mtoto Wilfrida.

Baadaye nilihamishwa Ogwedhi, chini ya msimamizi mwanamume, mpole, aliyetaka vyombo ving'ae. Huko nako nilikuwa nikipeleka waliofiwa nyuma ya jikoni, walie.

Sasa nimestaafu, na ni mimi ninayepimwa presha. Juzi nesi, msichana mdogo, aliniuliza kama napunguza chumvi. Nikamwambia napunguza.

"Lakini niulize pia nimezika nani."

Akaweka kalamu chini, akavuta kiti. "Haya nyanya. Nani?"

Nikamtajia mume wangu, Ochieng'. Machozi yakaja, na yeye hakunikataza.