Kibuyu cha mama nimekiosha kwa sabuni

Nyie wajukuu mmeisusa Nyamwaga kama kuna ndui! Mngekuwepo leo mngeninyang'anya ile sabuni.

Nilialikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono pale Bomani. Nikabeba kibuyu cha maziwa alichotengeneza marehemu mama.

Tangu afariki sijakitia maziwa. Nikimkumbuka nakifungua, nanusa moshi aliokifukizia ili maziwa yanukie.

Asubuhi kabla sijatoka nikaona aibu, wageni watasema ni kichafu. Nikakisugua ndani na nje.

Kikang'aa!

Mama Bhoke, anayesuka vikapu na aliyemjua mama, alikuwa meza ya jirani. Akakifungua, akanusa.

"We mwanamke, mama yako umempeleka wapi?"

Nikanusa. Sabuni tupu.

Watu wanapiga picha, mimi nalia. Mimi!

Mkija, kinuseni nyie, pua yangu imezeeka. Mkikosa moshi, nidanganyeni.