Daraja la Mtu Mmoja

Ziwa lilipopanda, makaburi yetu ya Rumonge yakageuka kisiwa. Huko kulibaki marehemu wetu, mchikichi mmoja, na kuta za msikiti wa kale uliojengwa na wafanyabiashara waliokuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wageni wa Bujumbura walizifuata kuta hizo kupiga picha. Sisi tulikuwa na mama yangu amezikwa pale, kwa hiyo tulihitaji daraja.

Baba alikuwa seremala, akalijenga kwa magogo na mbao. Alilifanya jembamba makusudi. Hakupenda watu wanaokwenda makaburini bega kwa bega wakipiga soga, na alijua kwamba kwenye daraja pana wanawake wa sokoni wangeanika ndagala, yaani dagaa, kabla hajakusanya misumari yake. Jirani yetu alilalamika kila siku.

"Muzee, hii kiraro iko ya mutu moja?"

"Iko ya mutu moja. Mwenye anataka kupita na mwenzake, apite mu mayi."

Ndagala zilianikwa hata hivyo, kwa mstari mwembamba. Kila Ijumaa baba alizikanyaga akienda kwa mama, akarudi ananuka samaki, ameridhika kabisa. Alituusia mapema: akifa, alazwe ubavuni pa mkewe, si kwenye makaburi mapya ya mlimani.

Alikufa masika haya. Tulimswalia, tukalibeba jeneza hadi ufukweni, na hapo ndipo tulipokumbuka nani alipima daraja. Kwetu jeneza hubebwa mabegani, huku na huku, na kila mwanamume hugombania hatua chache apate thawabu. Imamu alilitazama daraja, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika futi. Mtu mmoja akataja mlimani, kwa sauti ya chini. Nilimsikia. Nilimkasirikia baba kuliko siku zote za uhai wake, na nilimlilia papo hapo.

Yule jirani wa malalamiko akavua viatu, akakunja kanzu, akaingia ziwani.

"Si alisema tupite mu mayi?"

Tukaingia wote, nusu yetu upande huu, nusu upande ule, maji yakitufika kifuani, jeneza likielea mikononi mwetu juu ya mbao za daraja. Wanawake walikuwa wameshaondoa ndagala bila kuambiwa. Darajani alipita baba peke yake.