Mate ya Bibi Yana Ndevu

Bibi, mama yake baba, anashona magodoro na mito ya sufi katika chumba cha mbele. Miaka arobaini anavuta vumbi lile na hajakohoa hata kwa kusingizia. Wanafunzi wote aliwafukuza kwa kushona ovyo. Akabaki na mdogo wangu wa kike, mwenye mkono aliouita dhahabu. Ila akichambua sufi kidogo tu, kifua kinalia kama mlango mkavu.

"Pumu hiyo imeletwa na mama yenu," Bibi alisema. "Kwetu vifua ni chuma."

"Basi tupimwe, Mama," mama yetu akajibu. "Ikitoka kwenu, mtoto namtoa humu, akajifunze ususi kwa dada yangu."

Nesi wa zahanati akaja na vichupa vitatu vya kutemea mate. Alisema mwili una walinzi, na kila mtu anarithi maagizo ya walinzi wake. Hizo ndizo jeni. Wa huyu wakiona vumbi wanaliacha lipite. Wa yule wanapiga yowe la mwizi na kufunga milango ya kifua.

Mama na mdogo wangu wakatema palepale. Bibi akadai mdomo umekauka, akaingia jikoni na chupa yake. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akamwekea babu chupa chini ya kidevu.

"Tema."

"Ya nini?"

"Ulinioa ili uniulize maswali?"

Babu akatema.

Nesi aliporudi na majibu, alimtazama Bibi sana. "Bibi, mate yako yana ndevu."

"Eti?"

"Ni ya mwanamume."

"Uzee huo," Bibi akasema, macho makavu. Babu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na babu naye si ni wa upande huohuo, damu ya mtoto?" nesi akauliza. "Ungejificha wapi?"

Safari hii Bibi alitema mbele ya wote, kama anayetemea adui. Majibu yakaja: jeni zimetoka pande zote mbili, nyingi, ndogo ndogo. Hata Bibi anazo baadhi, na hazijawahi kumgusa. "Kuzirithi siyo kuugua," nesi alisema. "Lakini mtoto anazo za huku na za kule, nanyi mnamzika kwenye sufi. Hapo mnamchokoza."

Mama na Bibi wakatazamana, kila mmoja akitafuta pa kurusha jiwe. Hapakuwepo.

"Kwa hiyo unamchukua?" Bibi akauliza. Sauti yake sikuwahi kuisikia ndogo vile.

Mama alikuwa ameshika foronya aliyoshona mdogo wangu, akipitisha kidole kwenye mshono. "Uzi haumkohozi," akasema. "Sufi ndiyo inamkohoza."

Kesho yake Bibi alihamishia magunia ya sufi banda la nyuma, akajifunga kitambaa puani, akawa anashindilia peke yake huko. Chumba cha mbele kikafagiliwa, kikapigwa deki mara mbili. Mdogo wangu anakata na kushona humo, na dawa yake ya kuvuta iko mfukoni. Juzi alimpigia Bibi kelele kupitia dirishani: "Wee fundi wa nyuma, godoro la jana kona moja imelegea!"

Bibi akatukana kidogo, akaja kulichukua.